Picha ya Umati, Picha ya Mtoto, na Mgao Usio na Picha

Mwaka 2015 uliacha picha mbili za wakimbizi ambazo zilitumika sana katika siasa za Ulaya. Moja ni ya mtoto, nyingine ni ya umati. Anayetaka mlango ufunguliwe huonyesha ya mtoto, na anayetaka ufungwe huonyesha ya umati. Ukizitazama haraka utasema hizi ni picha za maadui, moja iko upande wetu na nyingine inatupinga. Mimi nazisoma kama ndugu wa tumbo moja. Nitaeleza kwa nini, halafu nitauliza swali linalotugusa sisi tunaopanga foleni ya chakula kuliko linavyowagusa wao: mbona njaa ya polepole haina picha?

Tuanze na mtoto. Tarehe 2 Septemba 2015, kabla hakujapambazuka, boti ndogo iliyotoka pwani ya Uturuki kuelekea kisiwa cha Kos, Ugiriki, ilipinduka. Alan Kurdi, mtoto wa miaka miwili wa familia ya Wakurdi kutoka Kobani, Syria, alikufa maji pamoja na mama yake na kaka yake. Nilüfer Demir, mpiga picha wa shirika la habari la Doğan, alimkuta ufukweni karibu na Bodrum amelala kifudifudi: fulana nyekundu, kaptula ya buluu, viatu viko miguuni. Kesho yake picha ilikuwa kwenye kurasa za mbele za magazeti ya nchi nyingi. Baadhi ya wahariri waliogopa kuonyesha mwili vile ulivyolala, wakachagua picha ya askari aliyembeba, ambayo uso wa mtoto hauonekani vizuri.

Kwa nini picha hii? Siku chache tu kabla, mwishoni mwa Agosti, boti zilizama karibu na Zuwara, Libya, watu wengi wakafa, watoto wakiwemo. Hata kaka yake Alan alilala kwenye ufukwe huo huo, naye alipigwa picha. Nani anaikumbuka? Nadhani viatu ndivyo vilivyofanya kazi. Viatu vinasema kuna mtu alimwandaa mtoto huyu kwa safari, akamvalisha, akahakikisha havitoki. Kila mzazi anayejua kazi ya kumvalisha mtoto viatu alimfahamu mtu huyo bila kuambiwa jina. Hapakuwa na damu, hema wala nembo ya shirika. Picha ilimwambia mtazamaji wa Ulaya: huyu angeweza kuwa wako. Nguvu yake iko hapo, na udhaifu wake uko hapo hapo. Kama huruma inamtaka mtu afanane na mwanangu ndipo nimwonee uchungu, basi asiyefanana naye atasubiri sana.

Je, picha ilibadilisha siasa? Ndiyo, kwa muda. Waziri mkuu wa Uingereza, David Cameron, mwezi Julai mwaka huo alikuwa amewataja watu wanaovuka Mediterania kwa neno ambalo Waingereza hulitumia kwa bumba la nyuki au nzige. Tarehe 7 Septemba, siku tano baada ya kifo cha Alan, alitangaza kwamba nchi yake itapokea hadi Wasyria 20,000 katika miaka mitano. Kanada, ambako familia ya Alan ilikuwa na ndugu, jambo hilo liliingia kwenye kampeni za uchaguzi; Justin Trudeau alishinda Oktoba akiwa ameahidi kupokea Wasyria 25,000, na mwishoni mwa Februari 2016 idadi hiyo ilitimia. Nchini Uswidi watafiti walifuatilia mfuko wa Msalaba Mwekundu kwa ajili ya Wasyria. Katika wiki iliyofuata picha, idadi ya michango kwa siku ilipanda zaidi ya mara mia moja. Basi mtu asije akatuambia kwamba picha ni karatasi tu.

Lakini soma mpaka mwisho. Watafiti hao hao waliona kwamba baada ya wiki kama sita hivi joto lilikuwa limepoa. Mpango wa Cameron nao uliwahusu watu waliokuwa bado katika nchi jirani za Syria, haukuwahusu waliokwisha kuvuka bahari. Yaani mtoto ambaye picha yake ilimsukuma waziri mkuu, kama angefika Kos akiwa mzima, mpango ule usingemhusu. Na tarehe 18 Machi 2016, miezi sita na nusu tangu ufukwe ule, Umoja wa Ulaya ulikubaliana na Uturuki kwamba wanaovuka kwenda visiwa vya Ugiriki bila ruhusa watarudishwa Uturuki, na Uturuki ikaahidiwa mabilioni ya euro kwa ajili ya wakimbizi walioko huko. Uchungu wa Septemba ulikuwa wa kweli. Ila ulichojibu ni kifo baharini, na serikali zikapata njia ya kuujibu: watu wasifike baharini. Ufukwe ukiwa mtupu, mpiga picha anakosa cha kupiga.

Sasa umati. Oktoba 2015, Jeff Mitchell wa Getty Images aliwapiga picha watu waliokuwa wakivuka kuingia Slovenia kutoka Kroatia, wakisindikizwa na polisi. Ni mstari mrefu, mbele watu wako karibu nawe, nyuma unapotelea mbali shambani. Kama picha ya habari haina kosa: watu walikuwepo na mstari ulikuwepo. Tarehe 16 Juni 2016, wiki moja kabla Waingereza hawajapiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, Nigel Farage alisimama mbele ya bango kubwa lenye picha hiyo. Maneno juu yake yalisema mambo yamefika pa kukatika, na kwamba Umoja wa Ulaya umetuangusha wote. Miaka miwili baadaye serikali ya Hungaria ikaichukua picha ile ile, ikaiwekea alama ya barabarani ya kusimama, ikaibandika mitaani kabla ya uchaguzi wa 2018.

Tazama kilichofanyika. Watu wale hawakuwa wakiingia Uingereza. Walikuwa Slovenia, na Uingereza haikuwa hata ndani ya eneo la Schengen ambamo watu huvuka bila kuonyesha pasipoti. Tarehe ikaondolewa, mahali pakaondolewa, sababu ya safari ikaondolewa. Kikabaki kimoja tu: wengi. Kwa kuwa mwisho wa mstari hauonekani, mtazamaji anaumalizia mwenyewe kichwani, na kichwa chenye hofu hakijui kuhesabu kidogo kidogo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa picha za habari naomba kuwabishia: hata mwenye macho lazima aambiwe hapa ni wapi, ni lini, hawa wanatoka wapi, na nani amelipia bango.

Ndiyo maana nasema picha hizi ni ndugu. Zote mbili zinatuonyesha njiani tu. Hakuna nyumba tuliyoiacha, na hakuna mwaka wa kumi tunaoishi mahali tulipofikia. Mtoto haulizwi kitu na hajibu kitu. Umati nao hauulizwi kitu. Mtoto anaonekana hana hatia kwa sababu hana maneno. Umati unaonekana una hatia kwa sababu hauna majina. Katikati ya hao wawili yupo mtu mzima mmoja mmoja, mwenye jina, ufundi, kesi, hasira na maoni yake juu ya serikali iliyomfukuza. Huyo ndiye sheria inamtambua. Ndiye pia anayepigwa picha mara chache kuliko wote.

Wasomaji wa Maziwa Makuu hawahitaji kwenda Ulaya kuliona jambo hili. Sisi tulilipata mapema, mwaka 1994, na kwa bei kubwa zaidi.

Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, waandishi wa kigeni wengi waliondoka mapema, na picha za mauaji yenyewe zikawa chache. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kukipunguza kikosi chake mpaka watu wapatao 270. Mwezi Julai watu wanaokadiriwa kukaribia milioni moja walivuka kwa siku chache kuingia Goma, Zaire, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Hapo kamera zilikuwepo tele. Dunia iliona maiti zimefungwa mikekani kando ya barabara, watoto wamekaa karibu na mama waliokwisha kufa. Marekani, ambayo mwezi Aprili haikutaka kuingia, ilileta ndege, wanajeshi na mitambo ya maji.

Maji yale yaliokoa watu, na wengi katika umati ule walikuwa raia wa kawaida, akina mama na watoto. Hilo lisisahaulike. Lakini kamera ya Goma ilionyesha kiu tu. Haikuonyesha kwamba ndani ya umati walikuwemo pia wanajeshi walioshindwa na Interahamwe, na kwamba katika kambi nyingi hao ndio walioshika orodha za chakula na kuwatisha waliotaka kurudi nyumbani. Mwezi Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa katika kambi hizo kwa sababu hiyo. Serikali kubwa ziliendelea kulipia chakula, ila kazi ya kuwatenganisha wenye silaha na raia hazikuifanya. Ilikuwa kazi ngumu, ya hatari, na haikuwa na picha. Mwaka 1996 kambi zile zikavunjwa kwa vita vilivyoingia Kivu na kuendelea mpaka Kinshasa. Novemba mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mkoani Kigoma kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita hivyo. Sisemi picha ilileta vita. Vita vile vilikuwa na wenyewe. Ninachosema ni kwamba siasa iliyofuata picha iliishia pale picha ilipoishia, na mzigo wa kilichobaki nje ya fremu wengine wanaubeba hadi leo.

Kuna jambo lingine ambalo picha za Ulaya zimetusahaulisha. Huku kwetu umati si kashfa mbele ya sheria. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamtambua pia mtu aliyelazimika kukimbia kwa sababu ya uvamizi, utawala wa kigeni au matukio yaliyovuruga vibaya amani ya nchi yake. Walioandika maneno hayo walijua kwamba kijiji kikichomwa hukimbia kijiji kizima, na huwezi kumweka kila mmoja kwenye kiti umhoji akiwa bado ana vumbi. Mkataba huo huo unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, na nchi nyingine isilichukulie kama uadui. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24 hivi, takriban watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Picha zake zipo: magodoro kichwani, madumu, baiskeli zilizopakiwa mpaka hazionekani. Walipokelewa kama kundi. Ukiipeleka picha ile London na kuibandika kwenye bango, ingesomwa kama tishio. Ni kweli Tanzania nayo ilichoka: Machi 1995 ilifunga mpaka wake na Burundi, na Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa kurudi. Lakini kwanza mlango ulifunguliwa, na ulifunguliwa kwa watu wengi kwa mara moja. Mwandishi yeyote anayeiita foleni ya watu "wimbi" au "mafuriko" anafaa kuukumbuka mkataba huu. Maji hayana haki. Watu wanazo.

Tufike sasa kwenye njaa ya polepole.

Tarehe 1 Desemba 2014 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba fedha zimekwisha, vocha za chakula za Wasyria wapatao milioni 1.7 katika nchi jirani zinasimama. Fedha zikachangwa, vocha zikarudi, lakini upungufu haukwenda. Katikati ya mwaka 2015, Lebanon, mkimbizi alikuwa anapata kama dola 13.50 kwa mwezi. UNHCR ilipoeleza, Septemba 2015, kwa nini Wasyria wengi walikuwa wanaziacha nchi jirani na kwenda Ulaya, kupungua kwa misaada kulikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na umaskini, kukosa kazi halali na kukata tamaa. Nani aliiona picha ya vocha ile? Kadi ya plastiki yenye dola 13 na kadi yenye dola 27 zinafanana kabisa. Mama aliyeamua jioni moja kwamba hapa hatuwezi tena hakupigwa picha. Aliyepigwa picha ni huyo huyo miezi michache baadaye, akiwa mmoja wa umati.

Huku kwetu hadithi ni hiyo hiyo. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikaingia. Picha zilisambaa: ufukwe umejaa watu, mitumbwi inawapeleka kwenye meli ya Liemba ili wafike Kigoma. Kamera zikaondoka, watu wakabaki. Miaka iliyofuata, mwito wa kuwasaidia wakimbizi wa Burundi ulikuwa kati ya iliyochangiwa kidogo kabisa duniani. Mgao umekatwa mara ngapi tangu hapo? Kila anayesoma hapa anaweza kuhesabu kwa sufuria yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wa aina hii hawaonekani kwenye picha. Unga uliopungua robo ni unga. Mtoto anayekula mara moja kwa siku, siku ya kwanza anafanana na mtoto mwingine yeyote. Mpaka afanane na picha inayouzika, ameshaumia.

Hapo ndipo siasa inapojificha. Waziri wa nchi tajiri anayepunguza bajeti ya misaada hatoi picha ya kitu chochote. Anatoa tarakimu. Hakuna anayelia kwenye tarakimu. Kwa hesabu za UNHCR, karibu saba kati ya kila wakimbizi kumi wamebaki katika nchi jirani na kwao, lakini picha inayomwendesha mpiga kura wa Ulaya ni ya boti. Kwa hiyo fedha zinafuata boti, kwenye walinzi na uzio, na nchi jirani zinaambiwa zivumilie.

Mtu atanijibu: bila picha nani angetujua? Ni kweli. Mfuko wa Uswidi umeshatujibu, na maji ya Goma pia. Wala sipendi hoja ya wale wanaotaka kamera zifukuzwe kambini eti zinatudhalilisha, kwa sababu anayefurahi zaidi kamera ikifukuzwa ni yule mwenye jambo la kuficha. Ninachodai ni maneno chini ya picha na muda nyuma yake.

Ndugu zetu wa mashirika, hili ni lenu kwanza. Kuna fomu ya ridhaa ambayo mtu anasaini kabla ya kupigwa picha. Ni vizuri. Lakini mara nyingi inaletwa na mtu yule yule mwenye orodha ya mgao mkononi, na mama aliyesimama foleni hawezi kuwa huru kusema hapana mbele ya orodha. Mwambieni wazi kwamba akikataa hapotezi kitu, na mwambieni picha itakwenda wapi. Halafu mwandikeni: jina kama anataka, fundi cherehani kama ni fundi cherehani, mwaka aliofika, kilichomkimbiza, na anachokidai. Msiandike "mama mkimbizi na mwanawe" mkamaliza. Na mhariri akiwaambia sura ya mtu mzima mwenye maneno haichangishi, mwulizeni ile ya mtoto ilichangisha wiki ngapi.

Na sisi wenyewe tuna simu. Vijana wetu wanapiga picha kila siku, harusi, mpira, kwaya. Tunaweza kuongeza kazi moja isiyo na mbwembwe. Pale kituo cha mgawanyo mara nyingi kuna ubao unaoandikwa gramu za kila kitu kwa kila mtu: unga, maharage, mafuta, chumvi. Kwa kibali cha wenye mamlaka, ubao huo upigwe picha kila mzunguko, ukiwa umesimama pale pale, tarehe ionekane. Sura ya mtu haihitajiki, wala chozi. Picha moja ya ubao haimshtui mtu. Kumi na mbili zikipangwa kwa mstari, zinaonyesha mwaka mzima wa njaa ya polepole, na hakuna mwanasiasa anayeweza kuzibandika kwenye bango lake akasema hawa wanakuja kutuvamia.